Kabla ya kununulia shule za Luofu tablete, tuulize historia

Ndugu wasomi, kwa siku hizi maongezi yetu ni yale yale: tuchange makuta, tununulie shule za msingi za kwetu Luofu tablete. Moyo ni mzuri, na mimi sipingi. Ila historia ya mashine za shule ina somo linalotugusa moja kwa moja. Chombo cha bei rahisi si kile unachokilipia kidogo dukani. Ni kile ambacho kikiharibika, kuna fundi karibu wa kukitengeneza, na kuna makuta ya kumlipa.

Tuanze na kompyuta. Januari 2005, huko Davos, Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza kompyuta ya mtoto ya dola 100. Novemba mwaka huo aliionyesha Tunis, akiwa pamoja na Kofi Annan. Ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili itoe umeme. Mkono ule ukakatika palepale, mbele ya watu. Kompyuta zilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007, mkono haukuwepo tena na bei ilikuwa imekaribia dola 200. Tusiicheke sana: skrini yake ilisomeka hata juani, na ilikula umeme kidogo. Lakini kufundisha walimu, kutengeneza zilizokufa na kutafuta umeme, hayo yote yaliachiwa kila nchi ijipange. Rwanda, jirani zetu, walichukua zaidi ya 200,000. Peru walichukua zaidi ya 800,000, na mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Amerika ikatoa uchunguzi wake: watoto wa Peru walizoea kompyuta, sawa, lakini katika hesabu na kusoma hawakuwapita wenzao wasiokuwa nazo.

Kenya nao mwaka 2013 waliahidiwa wakati wa kampeni kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kompyuta. Tenda ikaishia mahakamani, mpango ukageuka kuwa wa tablete, na kazi ikaanza mwaka 2016. Vyombo vilivyogawanywa vilipita milioni moja. Lakini angalieni kilichotangulia: serikali ililazimika kwanza kupeleka umeme katika maelfu ya shule za msingi. Na hata hivyo, mwaka 2019 wakabadilisha mawazo: badala ya chombo kwa kila mtoto, chumba kimoja cha kompyuta kwa shule. Kama nchi yenye uwezo ule ilirudi nyuma kidogo, sisi wenye mchango wa dola kumi kumi tufikiri mara mbili.

Sasa tuangalie chombo ambacho wengi wetu tunakiona cha wazee: redio. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza. Zanzibar walianza mwaka 2006 na kipindi cha "Tucheze Tujifunze" kwa watoto wadogo, hata wale wasiokuwa na jengo la shule. Siyo kwamba redio inahutubia na watoto wanalala. Sauti inauliza, inanyamaza sekunde chache, watoto wanajibu kwa pamoja, mwalimu anasimamia, somo linaendelea. Mwalimu mwenyewe anajifunza namna ya kufundisha huku akifundisha. Chombo kimoja kinatosha darasa zima, hata la watoto sabini.

Kwetu pia redio imeshafanya kazi hiyo. Radio Okapi ipo tangu tarehe 25 Februari 2002, na inasema Kiswahili. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 juu ya korona, masomo ya watoto yalipitia hewani katika kipindi cha Okapi École. Wakati ule tablete ingesaidia watoto wangapi wa Luofu? Kila mmoja ajibu kwa ukweli.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo vitabu vya wageni havitatuambia.

La kwanza ni nani analipa. Wengi tumesoma kwa makuta ya wazazi: tangu miaka ya 1990 mzazi ndiye aliyemlisha mwalimu, kwa ile tuliyoita prime. Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali yakawa bure, na madarasa yakajaa. Sasa tukileta tablete thelathini bila makuta ya betri na ya fundi, mwaka wa pili mkurugenzi atafanya nini? Atamwambia mzazi achange. Zawadi yetu itarudisha minervali kwa mlango wa nyuma, na mtoto wa maskini ndiye atakayefukuzwa.

La pili ni vita. Aprili 2009 FDLR walichoma nyumba Luofu usiku, na watoto wadogo waliungua humo. Juni 2024 M23 iliingia Kanyabayonga, na watu wakashika tena njia kuelekea kaskazini. Kwa hiyo, swali letu la kwanza kuhusu chombo liwe hili: mwalimu anaweza kukimbia nacho mgongoni, na kesho yake akafundisha chini ya mti huko Lubero au Butembo? Redio ndogo ya paneli ya jua inaweza. Sanduku la tablete thelathini linaita wezi na wenye silaha.

Shauri langu ni hili. Kila darasa la kwanza na la pili lipate redio moja ya jua inayosoma kadi memori. Walimu wetu wenyewe warekodi masomo kwa Kinande na Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu kabisa mtoto aanze kwa lugha ya kwao. Kompyuta iwe moja kwa shule, ya walimu kwanza. Na katika kila dola kumi tutakazochanga, tatu tusiziguse: ni za fundi wa telefoni wa pale pale, za waya na za betri, zishikwe na komite ya wazazi na kuandikwa katika daftari linaloonekana na wote.

Najua kuna atakayesema redio ni kuwabakisha watoto wetu nyuma. Mimi naona kilichowabakisha nyuma ni vitu vilivyofika na sherehe na picha, halafu vikafungiwa kwenye kabati juu hakuna aliyejua kuvifungua. Leteni hesabu zenu, tubishane kwa namba.