Mkwaju Mlangoni: Wasikilizaji wa Ihumwa na Mchezo Ambao Hatukuusikia

Wahakiki wetu wamezoea kuanza na kitabu. Mimi, ndugu msomaji, naomba nianze na lori.

Ihumwa iko mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro na kando ya reli ya kati. Siku hizi watu wanapafahamu kwa ajili ya reli mpya na Mji wa Serikali uliojengwa jirani, pale Mtumba. Mwaka 1993 tulikuwa na mibuyu, ng'ombe, mashamba ya uwele, na malori yaliyotupita usiku na mchana. Nilikuwa darasa la sita. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo. Ilianza mwaka uliofuata. Burudani yetu ilikuwa redio, tena redio yenyewe ilitegemea betri ambazo mama alizianika juani kila zilipochoka.

Mwezi Julai mwaka huo Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati: nusu saa, mara mbili kwa juma, saa 12:30 jioni. Mchezo ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mbinu yake ilitoka Meksiko kwa Miguel Sabido, aliyewapanga wahusika wa michezo ya televisheni katika mafungu matatu: wa kuigwa, wa kuchukiwa, na wale wa katikati wanaobadilika pole pole mbele ya masikio yetu. Wakenya walikwisha kuijaribu redioni mwaka 1987 kwa Ushikwapo Shikamana. Kwetu fungu la kuchukiwa lilimwangukia Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake njia nzima. Mkewe ni Tunu. Pembeni walikuwapo Fundi Mitindo, mshona nguo, na mkewe Mama Waridi, waliojadiliana habari za uzazi hadi wakaelewana.

Nchi ikasikiliza. Kwa hesabu za watafiti, kiasi cha asilimia 55 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 45, katika maeneo yaliyofikiwa, waliufuatilia mchezo huo. Dodoma hatukuwamo.

Hili halikuwa bahati mbaya ya mitambo. Everett Rogers wa Chuo Kikuu cha New Mexico na wenzake, akiwamo Mtanzania Ramadhani Swalehe, walitaka kujua kama mchezo wa redio kweli hubadili tabia. Ili wajue, ilibidi pawepo mahali pasiposikia. Kituo cha Dodoma kilikuwa na uwezo wa kujitenga na kurusha vipindi vyake vingine saa ile, basi kikafanya hivyo hadi mwaka 1995. Sisi tukawa eneo la kulinganishia. Niliyasoma haya nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye watoto, na sikuamini mara moja. Kumbe zile jioni tulizokuwa tukisikiliza vipindi vingine zilikuwa zimepangwa!

Hoja ya watafiti ina uzito, nisiwaonee. Kama wote wangesikia, nani angejua kama mabadiliko yametokana na mchezo, au na zahanati, au na vifo ambavyo kila mtu alikuwa akiviona? Na mwaka 1995 Dodoma tukapewa mchezo, na matokeo yakafanana na ya kwingine, jambo lililothibitisha kwamba kazi ile haikuwa bure. Lakini ugonjwa haukusubiri hesabu zikamilike. Mtu wa Mbeya alipewa habari hizi kwa hadithi tamu saa ya chakula cha jioni. Mtu wa Ihumwa alikosa utamu huo ili apimwe kwa kuukosa. Nashangaa kwamba katika mijadala yetu ya fasihi na maendeleo, ambamo tunasifu sana (na kwa haki) maigizo ya Malya na Msoga ya miaka ya themanini, na kitabu cha Penina Mlama cha 1991, swali hili halitajwi.

Hata hivyo sisi tuliusikia mchezo. Hapo ndipo lori linapoingia.

Binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa utingo wa lori la kutoka Dar kwenda Singida. Alisikiliza akiwa Dar au Morogoro, na lori lilipopumzika Ihumwa alikuja kwetu, akala ugali na mlenda, halafu akatusimulia. Si kusimulia tu, bwana, aliigiza. Sauti ya Tunu aliitoa puani. Uani walijaa majirani, maana habari zilisambaa kwamba mtoto wa fulani ana mchezo.

Mabishano ya kwanza yalihusu jina. Mkwaju kwetu ni mti wa heshima. Ukwaju tunautia kwenye uji, na kivuli chake kinalaza ng'ombe. Iweje mlevi apewe jina hilo? Mzee mmoja akasema mkwaju ni fimbo pia, na kwamba mwandishi alimaanisha fimbo ile inayowachapa wake za watu na kurudi kumchapa mwenyewe. Darasani leo tunaliita jambo hilo majazi. Pale uani hatukuwa na neno lake, ila uchambuzi ulikuwa ule ule, tena mkali zaidi, kwa kuwa mchambuzi alikuwa na ng'ombe wake chini ya mkwaju halisi.

Bishano lililodumu lilikuwa la mlangoni. Usiku mmoja binamu alituigizia Mkwaju akirudi kutoka safari. Alifika mlangoni, akainua mkono abishe hodi, halafu akasimama. Kimya. Akahesabu pumzi tatu, nne, ndipo akabisha.

Basi! Tulikesha na pumzi zile nne. Vijana wakasema anasikiliza kama ndani kuna mwanamume mwingine. Mwizi humhofia mwizi. Mjomba mmoja akasema ni aibu: yule bwana ana moyo bado, msimfanye shetani. Mama, aliyekuwa akipepeta uwele, hakuinua uso. "Anatafuta uongo," alisema. "Wa safari iliyopita umeshatumika."

Binamu alikataa zote mbili za kwanza na hiyo ya mama. "Amechoka tu, mama mdogo," alisema. "Ninyi hamjui safari."

Kwa mujibu wa mbinu ya Sabido, Mkwaju hakupaswa kutuletea shida hiyo. Yeye ni mhusika bapa, wa kuchukiwa, na adhabu yake inajulikana: Tunu anamwacha na kuanza biashara yake ndogo, yeye anaishia na UKIMWI. Nasi tulimchukia, hakuna ubishi. Lakini tulimchukia kama tunavyomchukia mtu, yaani tukiwa tunaendelea kumtafakari. Ule mlango ulimtoa kwenye ubapa. Na nathubutu kusema kwamba wasikilizaji wengi nchini walifanya vivyo hivyo, kila ua na mlango wake, wakati madodoso yakiuliza tu kama umesikia na kama umebadilika.

Mwaka 1995 mchezo ulipoanza kusikika Dodoma, nilikaa na redio sikukosa kipindi hata kimoja mwaka mzima. Niliungoja mlango. Milango ilikuwapo, hodi zilikuwapo, lakini zile pumzi nne hazikutokea. Nilimwuliza binamu alipopita. Alicheka, akasema labda zilikatwa. Sidhani. Nadhani pumzi zile zilikuwa zake, na kwamba mhusika tuliyemchambua kwa miaka miwili alikuwa nusu wa redio na nusu wa utingo aliyejua safari.

Mwaka 1998 alishuka kwenye lori na hakupanda tena. Alikuwa amekonda. Sitaki kusema ni kwa sababu ya jioni zipi, kwani yeye, kuliko mtu yeyote Ihumwa, mchezo aliusikia wote, tangu mwanzo. Jioni ile aliyofika nilikuwa ndani nikisahihisha kazi ya shule, nikasikia hatua zikifika mlangoni na kukoma. Mama naye alizisikia. Hakungoja hodi. "Pita, mwanangu," alisema, "maji yamo jikoni."

Mwaka huu nilipokuwa nikiandaa makala haya nilikwenda kumwuliza mama anakumbuka nini cha Twende na Wakati. Fundi Mitindo kamsahau kabisa. Mama Waridi anamchanganya na jirani yetu mmoja. Tunu anamkumbuka, na biashara yake. Nikamwambia ule mlango haukuwamo redioni, ulikuwa wa yule marehemu.

"Najua," alisema. "Lakini Mkwaju alikuwa anatafuta uongo. Yule mwingine ndiye aliyekuwa amechoka."