Wazee wa Gitaa la Chuma: Kutoka Madhabahuni Hadi Jukwaa la Winter Park

Mwishoni mwa Machi 2000, Chuo cha Rollins kilichoko Winter Park, jirani na Orlando katika jimbo la Florida, kilipokea wanamuziki ambao wengi wao hawakuzoea kumbi za vyuo. Walikuwa watu wa kanisa, Wamarekani weusi waliokulia katika ibada za Kipentekoste. Baadhi yao walikuwa wazee wa kanisa, wengine wana wa maaskofu. Walikuja na gitaa la chuma, ala inayolazwa mapajani au kusimamishwa kwa miguu yake kama meza ndogo, huku mpigaji ameketi nyuma yake. Mmarekani wa kawaida aliposikia jina la ala hiyo alifikiria fukwe za Hawaii, au waimbaji wa country wenye kofia pana. Kwa siku mbili, tarehe 31 Machi na 1 Aprili, hadhira ya Winter Park ilisikia mkondo wa tatu, uliokuwa umedumu kwa takriban miaka 60 ndani ya makanisa bila watu wa nje kuujua.

Kusanyiko hilo liliitwa mkutano wa kwanza wa Sacred Steel, jina ambalo muziki huu ulikuwa umejulikana kwalo katika miaka ya 1990. Mara nyingi hutajwa kwa sababu ya kijana mmoja tu, Robert Randolph wa New Jersey, ambaye baada ya hapo alipata umaarufu mkubwa. Lakini uzito wake wa kihistoria uko kwa wazee waliopiga siku hizo, Calvin Cooke na Ted Beard wakiwemo. Bila wao Randolph asingekuwa na lugha ya kupigia.

Ala yenyewe ilizaliwa mbali sana na kanisa hilo. Katika historia yake anatajwa zaidi Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu. Akiwa mwanafunzi wa Shule ya Kamehameha mjini Honolulu, mwishoni mwa miaka ya 1880, alianza kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzikandamiza kwa vidole. Noti moja ikawa inapanda au kushuka hadi nyingine bila kukatika, kama afanyavyo mwimbaji. Mwaka 1904 Kekuku aliondoka Hawaii kwenda kupiga na kufundisha Marekani bara, na kuanzia 1919 alizunguka Ulaya kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 1932 huko New Jersey.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wameshanogewa. Tamthilia ya The Bird of Paradise, iliyoanza kuonyeshwa New York mwaka 1912, iliwaweka wanamuziki wa Hawaii jukwaani. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, yaliyotembelewa na mamilioni ya watu, yakaeneza sauti hiyo zaidi. Santuri za Hawaii zikauzwa kwa wingi, na walimu wa gitaa la Hawaii wakafungua madarasa katika miji mingi. Ilibaki kasoro moja: katika ukumbi mkubwa ala hiyo ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Mwaka 1932 kiwanda kimoja cha Los Angeles kilianza kuuza gitaa la umeme lililobuniwa na George Beauchamp, lenye mwili wa alumini na jina la utani la Kikaango. Wapenzi wa roki wengi hawajui kwamba gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni lilikuwa gitaa la chuma la mtindo wa Hawaii.

Umeme ndio uliolifikisha kanisani. Mjini Philadelphia, katika miaka ya 1930, kijana aitwaye Troman Eason alimsikia mpigaji wa Kihawaii redioni, akamtafuta na kuomba amfundishe. Mdogo wake Willie, aliyezaliwa mwaka 1921, hakusoma masomo hayo. Alisikiliza tu nyumbani kaka yake akifanya mazoezi, kisha akashika njia yake mwenyewe. Troman alipiga nyimbo tamu za Hawaii kwa akordi zilizopangwa vizuri. Willie alichagua uzi mmoja, akaufuata wimbo wa kanisa neno kwa neno, pamoja na vilio, mikwaruzo na mivuto ya sauti ya mwimbaji wa kwaya. Watu walimtangaza kuwa ni mpigaji wa gitaa linalosema.

Familia ya Eason ilisali katika House of God, kanisa lililotokana na mahubiri ya mwanamke, Mary Magdalena Tate, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1903. Alipofariki mwaka 1930, kanisa liligawanyika katika matawi matatu: Keith, Jewell na Lewis. Matawi ya Keith na Jewell ndiyo yaliyolikumbatia gitaa la chuma. Washirika waliitaja Zaburi ya 150, inayohimiza sifa kwa ala za nyuzi na za kupulizwa, kuwa ruhusa ya kutosha. Ogani ya bomba ilikuwa ghali, na kanisa dogo la mtaani lisingeimudu. Gitaa la kulaza mapajani pamoja na kipaza sauti chake viliingia katika buti ya gari moja.

Willie Eason aliacha shule akiwa kijana na kusafiri na Askofu J. R. Lockley wa Brooklyn, aliyeendesha mikutano ya injili kwenye mahema hadi Florida. Alipiga pia kwenye kona za barabara, na mwaka 1947 alirekodi na kundi maarufu la Soul Stirrers. Kila alipopita, vijana walibaki na hamu ya kumwiga. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, Henry Nelson wa Ocala, Florida. Nelson alichukua sauti ya Eason na kuiongezea mkong'oto wa mdundo kiasi kwamba gitaa peke yake liliweza kuwainua watu vitini. Katika tawi la Jewell, Lorenzo Harrison alijenga mtindo mwingine, mlaini zaidi, wenye mawimbi ya mdundo wa chini. Detroit nayo ikawa na watu wake: Felton Williams alitangulia, kisha wakaja Ted Beard na Calvin Cooke.

Kazi ya mpigaji huyu ibadani inataka macho kama inavyotaka masikio. Huketi karibu na mimbari, mahali anapomwona mhubiri na anapowaona waumini. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma na kukitetemesha juu ya uzi, wa kulia hupiga nyuzi kwa kucha bandia za kidole gumba na vidole viwili. Mguu wa kulia uko juu ya pedeli ya sauti, na hapo ndipo siri kubwa ilipo. Mpigaji hupiga uzi pedeli ikiwa imefungwa, kisha huifungua taratibu. Mlio wa ukucha haumfikii msikilizaji. Kinachomfikia ni sauti inayotokea kimyakimya, inapanda, inatetema, inazama. Wakati wa ushuhuda gitaa hujibu kwa chini, likijaza nafasi kati ya sentensi. Wakati wa maandamano ya sadaka hushika pambio moja lenye akordi moja au mbili, na ngoma na besi hulifuata. Mtu akianza kucheza kwa Roho, mpigaji hambwagi: anarudia kipande kilekile, anakikaza, anakipandisha, hata kama itachukua robo saa. Waumini wenyewe wakianza kutulia, naye anatua pamoja nao.

Hiyo ndiyo shule iliyowalea wazee wa Winter Park. Hapakuwa na daftari la noti wala cheti. Mtoto alikaa karibu na mpigaji, akaangalia, akashikishwa ala mkutano ukiisha, na siku moja akaachiwa kiti. Aliyeshindwa kuisoma ibada aliambiwa, au aliondolewa.

Katika miaka ya 1970 wapigaji kadhaa walihamia kwenye gitaa la chuma la pedeli, lenye nyuzi 10 au zaidi na pedeli na nyenzo za magoti zinazobadilisha mlio wa uzi wakati tayari unalia. Ala hiyo ilikuzwa na watu wa country. Mwaka 1954 Bud Isaacs aliwashangaza wasikilizaji kwa pedeli katika wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly, na miaka michache baadaye Buddy Emmons na Shot Jackson wakaanza kuunda magitaa hayo huko Nashville. Wasikilizaji wa Kenya waliolelewa na vipindi vya country redioni wanaijua sauti hiyo vizuri, na King Sunny Adé wa Nigeria aliiingiza katika muziki wa juju kupitia mpigaji wake Demola Adepoju. Chuck Campbell wa Rochester, mwana wa askofu, alikuwa miongoni mwa walioipa pedeli kazi mpya kanisani. Alitafuta milio ya mwanamke anayepaza sauti ya shangwe, ya kwaya inayoitikia, hata ya treni inayoondoka.

Tawi la Keith lilikuwa na makao makuu yake Nashville, na kila mwaka wapigaji wake bora walikusanyika huko kwa mkutano mkuu. Kwa hiyo katika mji uleule, ndani ya kilomita chache, kulikuwa na dunia mbili za gitaa la chuma. Wazungu wa studio za country walirekodi mchana. Weusi wa House of God walipiga usiku hadi usiku wa manane. Ubaguzi wa rangi na tofauti za dini ziliwatenga kiasi kwamba kwa miongo mingi majarida ya wapenzi wa ala hii hayakuwataja wapigaji wa kanisa kabisa.

Ukuta huo ulianza kupasuka mwaka 1992. Robert Stone, mtafiti wa utamaduni wa jadi huko Florida, alisikia kwamba wateja weusi wa kanisani walikuwa wakinunua magitaa ya chuma madukani. Alifuatilia. Akamkuta Aubrey Ghent huko Fort Pierce, mtoto wa Henry Nelson. Akamkuta Sonny Treadway huko Deerfield Beach, Glenn Lee huko Perrine, na Willie Eason mwenyewe akiwa hai, mwenye kumbukumbu na gitaa lake. Kaseti ya kwanza ilitoka mwaka 1995. Miaka miwili baadaye kampuni ya Arhoolie ya California ikaitoa kama CD, na wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wakaanza kuuliza watu hawa ni akina nani.

Mkutano wa Winter Park ulijibu swali hilo hadharani. Ted Beard, mzee wa kanisa aliyezaliwa miaka ya 1930, alikuwa na utulivu wa mtu aliyepigia ibada maisha yake yote. Calvin Cooke, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha magari cha Chrysler, aliimba na kupiga kwa pamoja, akiacha gitaa limalizie maneno ambayo mdomo wake uliyaanza. Ndugu wa Campbell walionyesha jinsi gitaa la mapajani la Darick na lile la pedeli la Chuck yanavyoweza kuongea bila kugongana. Naye Randolph alikuwa na miaka 22, akipiga kwa kasi na nguvu ambazo watu wa roki walizitambua mara moja.

Cha kusikilizwa zaidi katika santuri iliyotokana na siku hizo, Train Don't Leave Me, iliyotolewa na Arhoolie mwaka 2001, ni utaratibu. Wapigaji hawakubadilisha muziki wao uwe tamasha. Walihamisha ibada ikaja na kanuni zake: kuwasubiri watu, kuwapandisha polepole, kumpisha mwenzako kwa zamu. Mwanamuziki wa tamasha hujali wimbo umalizike vizuri. Hawa walijali watu wamefika wapi.

Matunda yalikuja haraka. Mwaka huohuo wa 2000 Randolph alianza kupiga katika kumbi za New York, na mwaka 2001 alishiriki katika albamu ya The Word pamoja na John Medeski na North Mississippi Allstars. Mwaka 2004 Chuck Campbell alipewa tuzo ya kitaifa ya urithi wa sanaa za jadi nchini Marekani. Mwaka 2013 Cooke, Ghent, Chuck na Darick Campbell walitoa albamu kwa jina la The Slide Brothers, Randolph akiwa nyuma ya kazi hiyo. Kijana alitumia jina lake kuwafungulia mlango waliomlea.

Kulikuwa na gharama pia. Baadhi ya viongozi wa kanisa hawakufurahia kuona muziki wa ibada ukipigwa mahali panapouzwa pombe, na wapigaji kadhaa walilazimika kuchagua kati ya kiti chao cha Jumapili na ziara za nje. Hoja ya viongozi hao haikuwa ya kipuuzi. Muziki uliolelewa na ushuhuda, sadaka na mahubiri unaweza kukonda ukibaki na makofi tu. Lakini bila milango ya nje, majina ya Eason, Nelson na Harrison yangebaki katika kumbukumbu za washirika wachache, na Willie Eason, aliyefariki mwaka 2005, asingepata heshima aliyostahili akiwa bado anaisikia.

Mwaka 2016 hazina ya Arhoolie ilihamia Smithsonian Folkways mjini Washington, kwa hiyo rekodi za Winter Park sasa ziko chini ya taasisi ya taifa na zinapatikana kwa urahisi. Anayetaka kuanza na muziki huu aanze na rekodi hizo, amsikilize Cooke kwanza kabla ya Randolph, kisha arudi nyuma hadi kwa Willie Eason wa miaka ya 1940, na mwisho asikilize santuri za Hawaii za mwanzoni mwa karne ya 20. Akifuata njia hiyo atausikia uzi uleule ukipita kutoka Laie hadi Philadelphia, kutoka Philadelphia hadi Ocala na Detroit, kila mahali ukifundishwa kusema maneno mapya.