Vidonge vya North Mara

Leo ukitaja North Mara, wengi watafikiria mgodi wa dhahabu wa Nyamongo. Miaka ya 1970 jina hilo lilikuwa la wilaya nzima, kuanzia ufukwe wa Ziwa Victoria hadi milima ya Wakurya inayopakana na Kenya. Ndani yake zilikuwamo Tarime ya sasa na Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Huko ndiko lilikofanyika jaribio lenye swali zito: ukimkinga mtoto na malaria, je, utamkinga na saratani?

Saratani yenyewe ilikuwa imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa amwone mvulana aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu, huko Jinja, akakutana na mtoto mwingine mwenye taya kama hizo, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe huko pia. Akaanza kupekua majalada ya wagonjwa. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakafunga safari ndefu kwa gari, wakienda hospitali baada ya hospitali katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Walitaka kujua ugonjwa unaonekana wapi na unakomea wapi. Ramani ikajichora: ulikuwa mwingi kwenye joto na mvua, lakini ukaadimika sehemu za juu, zilizopita mita 1,500 hivi, ambako mbu wa malaria nao ni wachache.

Kwa mzazi, dalili ya kwanza huweza kuwa jino la mtoto linalolegea kabla ya wakati wake. Wakati mwingine taya ni zima na tumbo ndilo linalojaa; uvimbe hukaa kwenye figo, ovari au ukuta wa utumbo. Utumbo ukiziba, mtoto hufikishwa hospitali akitapika, tumbo limekaza, na daktari hulazimika kupasua usiku huohuo. Hapo kisu kina mpaka wake. Kinafungua njia ya chakula na kutoa kipande cha kupimwa, lakini kinachotibu ni dawa. Burkitt mwenyewe, ingawa alikuwa mtu wa upasuaji, alikuwa miongoni mwa walioonyesha mapema miaka ya 1960 kwamba uvimbe huu huweza kuyeyuka kwa siku chache mtoto akipewa dawa kama siklofosfamaidi.

Hospitali ya Shirati, karibu na ziwa, ni ya Wamennonite, ambao wamisionari wao wa kwanza kutoka Marekani walifika mwaka 1934. Daktari Glen Brubaker alikuwa huko, na uzito wa hadithi hii uko kwenye kumbukumbu za wagonjwa wa wilaya. Mwaka 1973, yeye na wenzake Geser na Pike walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa North Mara wa mwaka 1964 hadi 1970. Walitafuta kama watoto walioishi karibukaribu waliugua kwa wakati mmoja, jambo lililoripotiwa West Nile, Uganda. Hawakuliona, na wakasema hivyo waziwazi.

Bila hesabu hizo za miaka mingi, jaribio lisingekuwa na cha kulinganisha. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, chini ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani la Lyon, Ufaransa, watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Mwanzoni vimelea vya malaria vilipungua. Saratani nayo ikashuka hadi 0.5 kwa kila watoto 100,000 mwaka 1980 na 1981, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa huko. Ugawaji ulipokoma, ikapanda tena: 7.1 mwaka 1984.

Ungeweza kusema jibu limepatikana. Watafiti hawakusema, na wanastahili heshima kwa hilo. Ripoti yao ya mwaka 1989 ilieleza kwamba saratani ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na kwamba malaria ilirudi juu wakati vidonge vikiendelea kugawiwa. Klorokwini ilikuwa inaishiwa nguvu. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria.

Swali halikuzikwa. Kati ya mwaka 2010 na 2016 mkoa wa Mara uliingia tena kwenye utafiti mkubwa wa ugonjwa huu uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, na uhusiano wake na malaria umezidi kuthibitika. Lakini mtoto wa Tarime au wa Mugumu, wilayani Serengeti, anayekutwa na uvimbe huo tumboni bado huhitaji rufaa hadi Bugando, Mwanza, safari ya basi kupitia Bunda, akiwa na ugonjwa ambao uvimbe wake huweza kukua maradufu ndani ya siku chache.