Chumvi, Muhogo na Akili katika Milima ya Kivu

Historia ya chumvi katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, ni sehemu ya historia ya akili za wakazi wake, ingawa ni nadra kuandikwa hivyo. Tezi dundumio, iliyo mbele ya koo, hutengeneza thairoksini, yaani homoni inayopanga kasi ya umetaboli (namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu) na kuujenga ubongo wa mtoto tangu tumboni. Homoni hiyo haitengenezeki bila iodini, madini ambayo mvua za karne nyingi huyaosha kutoka katika udongo wa milima iliyo mbali na bahari.

Zamani Wahunde wa Masisi na Wanyanga wa Walikale walitegemea sana ndizi, na chumvi ilifika Kivu kwa biashara ya mbali, ikiwemo ile ya ziwa Katwe, huko Uganda. Muhogo, ambao leo ndio bukari (ugali) ya kila siku, ulienea zaidi chini ya utawala wa Wabelgiji, na muhogo usiolowekwa vya kutosha hubaki na sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thaiosianeti, kemikali inayoizuia tezi kunyonya iodini.

Ushahidi wa athari hiyo ulitoka kisiwa jirani cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Huko, katika miaka ya 1960, watafiti François Delange, André Ermans na wenzao walikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, limeenea mno kaskazini na kuwa haba kusini-magharibi, ilhali iodini ilikuwa pungufu kote. Walichokishuku kuwa chanzo cha tofauti hiyo ni muhogo uliokuwa katika mlo. Waliodhurika zaidi walikuwa na ukretini, hali ya kudumaa mwili na akili pamoja: watu wazima wenye kimo cha mtoto, ngozi kavu iliyovimba, mwendo mzito na fikra zinazochelewa. Kuwaita wajinga, kama ilivyozoeleka, ni dhuluma, kwa kuwa walinyimwa homoni kabla ya kuzaliwa. Huko Ubangi, kaskazini-magharibi mwa nchi, katika miaka ya 1970, wajawazito waliodungwa mafuta yenye iodini walizaa watoto waliokua vizuri zaidi kiakili, jambo lililothibitisha kwamba madhara hayo yanakingika.

Chumvi yenye iodini ilianza kuenea nchini Kongo katika miaka ya 1990, miaka ileile ambayo vita vilianza kuifunga barabara ya Masisi. Iodini hiyo hupotea chumvi inapopata unyevu, hivyo chumvi inayopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi sokoni inastahili kufunikwa, na mjamzito ndiye wa kwanza kuhakikishiwa chumvi iliyotunzwa.