Kosa au Lahaja?

Wengi wetu hapa chuoni tunakereka tukiona “nimepiga kula” badala ya “nimepiga kura”. Kero hiyo ni halali, maana msomaji kapotezwa. Lakini Mmvita akisema “ndoo” kwa maana ya “njoo”, ati naye anachekwa kuwa hajui Kiswahili! Hapo, ndugu msomaji, historia inatuumbua.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga kwa Kimvita karne nzima kabla ya usanifishaji. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika mjini humo humo ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikisimamia tahajia ya vitabu vya shule Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kimvita hakikukosea, bwana; kilikosa tu kuchaguliwa.

Na tahajia sanifu yenyewe ina mapengo. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, ilhali wazawa wengi wa pwani humtamka yule mnyama kwa kusukuma pumzi. Nani basi kakosea, msemaji au herufi?

Mhakiki atenganishe mambo mawili. Tahajia ni mapatano, na tuyalinde ili tuelewane. Lahaja ni urithi, haingoji kalamu nyekundu. Katika shairi la Kimvita, anayegeuza “mato” kuwa “macho” hajasahihisha kitu: kavunja kina cha “to”, na ubeti wote umelegea.