Darasa la Wanyama Yatima: Nairobi Tangu 1946

Mnamo Desemba 1946, serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini Kenya, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117. Mervyn Cowie, aliyeipigania kwa miaka mingi, alihofu kwamba mji na mashamba vingewamaliza wanyama. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini ulinzi wa enzi hiyo uliwatenga wenyeji: wafugaji walipoteza malisho, uwindaji wa jadi ukahesabiwa kuwa ujangili, na waliofaidi kutazama wanyama wakawa wenye magari. Mtoto wa mitaa ya Pumwani au Kaloleni jijini Nairobi angeweza kukua bila kumwona simba aliyeishi kilomita chache tu kutoka kwao.

Hali ilianza kubadilika baada ya uhuru. Mwaka 1964, kituo cha wanyama yatima kilifunguliwa karibu na lango kuu la hifadhi, upande wa Lang'ata. Shabaha yake ilikuwa kuwatibu na kuwalea wanyama waliojeruhiwa au kupoteza mama zao. Hata hivyo, mahali kilipojengwa palizaa tokeo jingine: wanafunzi waliweza kuwaona wanyama kwa karibu, tena kwa miguu.

Miaka minne baadaye, yaani 1968, wanafunzi wa shule za sekondari walianzisha Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya. Wapo wanaoeleza kwamba elimu ya uhifadhi ilitokana na utalii, kwa kuwa taifa changa lilihitaji raia watakaolinda chanzo cha fedha za kigeni. Wengine husisitiza juhudi za vijana wenyewe. Maelezo yote mawili yana uzito, kwani serikali na wafadhili walikuwa na sababu za kuunga mkono vilabu hivyo. Lakini sera peke yake haielezi kwa nini vilienea kutoka shule hadi shule, wala kwa nini vilipata jarida lao, *Komba*. Vijana walikuwa wanadai nafasi katika urithi ambao wazazi wao walifungiwa nje.

Kisha likaja janga la ujangili. Bei ya pembe za ndovu ilipopanda katika miaka ya 1970, majangili waliwaua ndovu wakubwa, na ndama waliachwa bila maziwa. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini mauaji yaliendelea. Ndovu wa Kenya, waliozidi 160,000 mwanzoni mwa muongo huo, walibaki takriban 20,000 kufikia mwaka 1989.

Kumlea ndama mchanga kulionekana jambo lisilowezekana, kwa sababu hakuweza kuyamudu mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Daphne Sheldrick, mlezi wa ndovu yatima, alijaribu michanganyiko mingi, hadi akagundua kwamba mafuta ya nazi yalimfaa. Ndama Aisha aliishi miezi kadhaa kwa lishe hiyo, kisha akafa wakati mlezi wake huyo aliposafiri. Kifo hicho kilifundisha kwamba ndama huhitaji familia pamoja na chakula. Ndiyo maana katika kituo cha Sheldrick, ndani ya hifadhi hiyo hiyo ya Nairobi, walezi hulala na ndama na kubadilishana zamu, ili mnyama asimtegemee mtu mmoja.

Julai 1989, Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe katika hifadhi hiyo, na dunia nzima ikaona. Moto ule ulitoa tangazo kubwa, lakini maelezo ya subira yalibaki kazi ya vituo. Mlezi anapowasimulia wanafunzi habari za ndama, hutaja jina lake, alikookotwa, na kilichomwacha yatima: risasi, ukame, kisima alimotumbukia, au ugomvi na wakulima. Hapo mwanafunzi hujifunza kwamba kila yatima ana sababu yake, na kwamba sababu nyingi zinatokana na binadamu.

Lakini mnyama anayetarajiwa kurudi porini hapaswi kuwazoea watu wengi. Kituo cha Sheldrick kilitatua tatizo hilo kwa kuwapokea wageni wa kawaida saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi, na muda uliobaki ndama huwa vichakani. Baadaye huhamishiwa vituo vya Tsavo, kama vile Voi na Ithumba, wakajiunge na ndovu wa mwituni.

Huko Tsavo ndiko elimu hii inakopata mtihani wake mkubwa. Mtoto wa Nairobi humwonea ndama huruma, lakini mtoto wa Voi huenda ameshaona mahindi ya nyumbani kwao yakiliwa usiku mmoja. Kwa hiyo safari zinazowaingiza wanafunzi wa huko hifadhini bila malipo zina thamani ya pekee. Uhifadhi ulianza kwa kuwaweka wenyeji nje ya lango, na hautadumu mpaka watoto wa jirani wa ndovu wawe wa kwanza kuingia, na hasara za wazazi wao zisikilizwe na kufidiwa.