Wakazi waliokataa reli yao ife

Mei 20, 2027 reli ya kebo ya Duquesne, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, itatimiza miaka 150. Umri huo isingeufikia kama uamuzi wa mwaka 1962 ungeachwa usimame.

Reli hii iliwahudumia vibarua. Viwanda vilijaa kandokando ya mito, na wafanyakazi, wengi wao wahamiaji Wajerumani, walihamia juu ya mlima wa Mount Washington. Kupanda mlima kwa miguu baada ya zamu lilikuwa jambo la kuchosha mno. Reli ya Monongahela ilifunguliwa mwaka 1870, na ya Duquesne, kazi ya mhandisi Samuel Diescher, ikafuata mwaka 1877. Njia yake ina urefu wa mita 244 na hupanda mita 122. Behewa moja likipanda, jingine hushuka. Mabehewa hayo husawazishana kwa uzito, na mashine humalizia kazi iliyobaki.

Wakati mmoja mji ulikuwa na reli za namna hii zaidi ya kumi. Barabara na magari vikaziua moja baada ya nyingine.

Mwaka 1962 zamu ya Duquesne ikafika. Mitambo ilihitaji matengenezo makubwa, abiria walikuwa wamepungua, na kampuni ikafunga milango. Wakazi wa Duquesne Heights, mtaa ulioko kileleni mwa reli, hawakukubali. Walioka keki wakaziuza, wakaandaa michezo ya karata ya kuchangisha fedha, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Julai 1, 1963 mabehewa yakapanda tena, safari hii chini ya jumuiya yao wenyewe. Watu wa kujitolea walipokwangua rangi iliyorundikana ndani ya mabehewa, walikuta mbao za mcheri zilizonakshiwa kwa mkono. Hazina hiyo ingeishia jalalani, na hapo ndipo hasira yangu inapokuja kwa wote wanaodhani kwamba kitu kikiwa cha zamani basi ni takataka.

Leo reli ni mali ya shirika la umma la usafiri, lakini jumuiya ndiyo inayoiendesha. Wageni hupanda kutazama mito ya Allegheny na Monongahela ikikutana kuwa Ohio, maghorofa ya mji yakiwa mbele yao. Katika behewa hilohilo wamo wakazi waendao kazini, na kileleni mgeni anaweza kuingia kuona gurudumu la mtambo wa awali, lenye meno ya mbao, likizunguka.